Mwali wa Maneromango: Habari za Juhudi za Kuzuia Mimba za Mapema katika Uzaramo

Wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Ujerumani walipojenga kituo chao Maneromango mwaka 1895, miaka mitatu baada ya kile cha Kisarawe, waliingia katika nchi ambayo kila kijiji chake kilikuwa na wasichana wasioonekana. Msichana wa Kizaramo alipovunja ungo hakuachwa azurure. Alipelekwa kwenye mkole, mti wa porini uzaao matunda mengi, ambao kwa Wazaramo ni alama ya uzazi. Akafanyiwa huko yaliyopasa kufanywa. Kisha akaingizwa ndani, naye tangu saa hiyo akaitwa mwali. Ndani alikaa miezi mingi, na kwa desturi ya kale hata miaka, asionekane na wanaume wa nje, asifanye kazi za shambani, asiinue sauti yake, mpaka ilipofika siku ya kutolewa kwa ngoma, naye akatoka akiwa mwanamke aliye tayari kuolewa.

Wageni wengi walioandika juu ya desturi hiyo waliiona kuwa kifungo, na kwa upande mmoja hawakukosea. Lakini ndani ya kifungo hicho ndimo ilimokuwamo juhudi ya kwanza ijulikanayo ya kuzuia mimba za wasichana katika Uzaramo. Tangu wakati huo zimekuja juhudi nyingine nyingi: mafundisho ya kanisa na ya madrasa, amri za serikali, sheria zenye adhabu ndogo na sheria zenye adhabu kubwa, masomo ya darasani, kampeni za redio, vilabu vya vijana na mabweni. Leo watu huuliza ni ipi kati ya hizo iliyofaa. Swali ni zuri, ila wengi hulijibu haraka mno, kwa kuwa hawakuuliza kwanza jambo lililotakiwa kuzuiwa lilikuwa nini hasa. Na jambo hilo halikuwa lile lile sikuzote.

Basi tuanze na mwali. Mambo yake tunayajua vizuri kuliko mengi mengine ya Uzaramo, hasa kwa kazi ya Marja-Liisa Swantz, mtaalamu kutoka Ufini, aliyeishi miongoni mwa Wazaramo wa Bunju katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake juu ya ibada na alama za Wazaramo mwaka 1970. Ukoo wa Kizaramo kwa asili ulifuata upande wa mama. Mtoto wa msichana alikuwa ndiye atakayeendeleza ukoo, na kwa hiyo tumbo la msichana halikuwa mali yake peke yake wala mali ya baba yake; lilikuwa amana ya bibi, ya mama, ya mjomba na ya wote waliokwisha kufa. Mwali aliwekwa ndani pamoja na mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kichwa na kifua visivyo na mikono wala miguu, akakitunza kama mama anavyotunza mtoto, akakipaka mafuta na kukivika shanga. Kinyago hicho kilirithiwa katika ukoo. Msichana aliyekishika alijua kwamba mama yake na bibi yake walikwisha kukishika kabla yake, katika giza kama lile lile.

Tena mwali hakukaa peke yake. Alikuwa na kungwi, mwanamke mzima aliyepewa kazi ya kumfunda, na kazi hiyo ilikuwa na heshima yake na lawama yake. Mwali alipoharibika, watu hawakumwuliza mwali tu. Walimwuliza na kungwi. Alifundishwa usafi wa mwili, adabu ya kukaa na mume, mambo ya hedhi, mimba na kuzaa, kwa nyimbo na mafumbo ambayo mtu wa nje angeyasikia asiyaelewe. Mafunzo hayo hayakuwa na soni. Ni kosa kubwa kusema, kama wasemavyo baadhi ya watu wa siku hizi, kwamba wazee wa Kiafrika hawakuzungumza na watoto wao juu ya mambo ya unyumba. Walizungumza nao sana, lakini walichagua wakati, mahali na msemaji. Na baba na mama hawakuwa wasemaji waliofaa.

Je, njia hiyo ilizuia mimba? Kwa kadiri kubwa iliizuia mimba ambayo wao waliiogopa, nayo ni mimba ya msichana asiyetolewa bado, isiyo na mume wa kuipokea. Haikuzuia mimba ya umri mdogo. Mwali aliyeingia ndani akiwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne, akatoka akiwa na kumi na sita, akaozwa papo hapo, huenda akawa mama kabla ya kutimiza kumi na minane. Jambo hili halikumsikitisha mtu, lilipigiwa vigelegele. Wazaramo hawakuwa na neno la mimba ya utotoni, kwa maana utoto haukuhesabiwa kwa miaka. Uliishia chini ya mkole.

Ilikuwa pia njia yenye gharama, na wanaoisifu leo wakiwa mbali nayo hawaitaji gharama hiyo. Msichana aliikosa jua. Alitoka amenenepa na ngozi yake imekuwa nyeupe, na hayo yalihesabiwa kuwa uzuri, lakini miaka ambayo kaka yake alijifunza njia, soko, kazi na watu, yeye aliipitisha nyuma ya ukuta wa udongo. Alitolewa ili akabidhiwe mtu ambaye pengine hakumchagua. Ulinzi wake ulikuwa wa kweli, na mlinzi wake alikuwa wa kweli, bali hakulindwa kwa ajili ya nafsi yake.

Shule ndiyo iliyoufungua mlango. Wamisionari wa kwanza, na Misheni ya Berlin iliyopokea kazi ya Uzaramo mwaka 1903, walitaka wasichana wasome, wabatizwe na kuolewa na vijana waliosoma. Desturi ya mwali iliwazuia pande zote mbili: ilimwondoa msichana darasani katika umri ule ule aliokuwa akianza kusoma vizuri, na ilimfunda mambo ambayo kanisa halikuyapenda. Uislamu, ambao ulikuwa umeingia kutoka pwani na kuenea sana katika Uzaramo, uligombana na desturi hiyo kidogo zaidi. Stara ya mwali ilikaribiana na stara ambayo Waislamu wa mwambao waliifahamu, na kwa hiyo unyago na madrasa viliishi nyumba moja kwa muda mrefu. Huko kusini, katika dayosisi ya Masasi ya Waanglikana, Vincent Lucas alijaribu njia ya tatu. Kuanzia mwaka 1913 aliichukua jando na kuiingiza katika kanisa, na baadaye yakafuata mafundisho ya wasichana, akiamini kwamba mti ukikatwa shina hautazaa chochote. Jaribio lake linasomwa mpaka leo na wataalamu wa historia ya kanisa. Lakini walio wengi katika misheni za Tanganyika walipendelea kukataza.

Walipokataza, desturi haikufa; ilifupishwa. Hapo ndipo penye jambo ambalo halijatiliwa maanani vya kutosha. Ukaaji wa ndani ulipungua kutoka miaka hadi miezi, kutoka miezi hadi majuma, na kwa wasichana wa shule hadi siku za likizo. Kilichopunguzwa ni ule muda mrefu wa kufichwa, ambao ndio uliokuwa ukizuia mimba. Kilichobaki ni mafunzo na ngoma, yaani ile sehemu iliyomwambia msichana kwamba sasa amekuwa mwanamke. Kwa hiyo watoto wa karne ya ishirini walifundwa unyumba kisha wakaachwa nje, jambo ambalo bibi zao wasingelifanya kamwe. Viongozi wa mkoa wa Pwani wamekuwa wakilaumu unyago na ngoma za usiku kwa mimba za wanafunzi. Wanachokilaumu ni kipande cha desturi iliyokatwa katikati.

Wakati huo mji wa Dar es Salaam ulikuwa ukikua, na Uzaramo ulikuwa shamba lake: mkaa, nazi, korosho, mihogo na matunda vilikwenda mjini, na fedha, nguo na vijana wenye mshahara vilirudi. Ukoo wa upande wa mama ulipoteza nguvu mbele ya mshahara wa mwanamume. Serikali ya Kiingereza iliona kwamba kulikuwa na watoto wengi wasio na baba wa kuwalea, ikatunga mwaka 1949 sheria ya kumwezesha mwanamke asiyeolewa kumdai mwanamume matunzo ya mtoto. Kiwango cha juu kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Kwa mwaka 1949 hizo zilikuwa fedha. Lakini sheria hiyo iliachwa katika vitabu mpaka Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipoifuta, na kwa miaka mingi ya mwisho shilingi 100 hazikutosha kununua mkate. Yafaa kuikumbuka sheria hii, maana ni sheria ya serikali iliyomkabili mwanamume, nayo ilimkabili baada ya mtoto kuzaliwa, kwa bei iliyozidi kushuka kila mwaka.

Uhuru ulileta shabaha mpya. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka elimu ya msingi kwa watoto wote, mpango ukaanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 1977, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamfanya mzazi asiyempeleka mtoto shuleni kuwa mkosaji. Kwa sheria hiyo, baba wa Maneromango aliyemweka mwali ndani katikati ya muhula alikuwa amevunja sheria ya nchi. Serikali ilikuwa na haki. Taifa halingeweza kujengwa na nusu ya watu wake wakiwa gizani. Lakini ilimtoa msichana nyumbani bila kusema ni nani atakayekuwa kungwi wake njiani. Mwalimu alipewa hesabu na siasa. Hakupewa amana ya ukoo.

Kuanzia hapo jambo lililozuiwa likawa jingine. Haikuwa tena mimba isiyo na mume, bali mimba ya mwanafunzi. Hili ndilo neno lililoandikwa katika taarifa za wakuu wa shule na wakuu wa wilaya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka kumi na mitano kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na wa kumi na minne kwa idhini ya mahakama. Wasichana wawili wa umri mmoja, marafiki wa kijiji kimoja, waliweza kushika mimba mwezi mmoja. Aliyekuwa ameacha shule na kuolewa alipewa hongera, na aliyekuwa darasa la saba alifukuzwa. Taarifa ya wilaya ilimhesabu mmoja tu.

Kufukuza ndiko kulikokuwa silaha kuu kwa muda wa miaka arobaini na zaidi. Kanuni za mwaka 2002 juu ya kuwafukuza wanafunzi hazikulitaja neno mimba; zilitaja kosa dhidi ya maadili na kuingia katika ndoa, na wakuu wa shule wakaihesabu mimba kuwa ni kosa hilo. Wasichana walipimwa mkojo shuleni, na aliyekutwa na mimba alirudi kwao na sare yake. Hoja ya waliotetea njia hii ilikuwa ya namna moja: wengine wakiona, wataogopa. Tarehe 22 Juni 2017 wengi wanaikumbuka: siku hiyo Rais John Magufuli, akiwa Bagamoyo katika mkoa huo huo wa Pwani, alisema kwamba katika utawala wake msichana atakayezaa hatarudi katika shule ya serikali. Alisema waziwazi jambo ambalo lilikuwa likitendwa kimya kimya tangu zamani.

Kama hofu ingekuwa kinga, basi nchi ingekuwa imekingika. Hesabu za taifa zasema vingine. Katika uchunguzi wa afya na uzazi wa mwaka 2004 na 2005, wasichana asilimia 26 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 23. Mwaka 2015 na 2016 wakapanda hadi 27. Adhabu ilikuwa ile ile miaka yote hiyo, na hesabu ikapanda na kushuka bila kuiangalia. Wala si vigumu kueleza sababu. Adhabu humtisha mtu anayepima faida na hasara kabla ya kutenda na mwenye uwezo wa kukataa. Msichana anayepewa lifti ya pikipiki kwa kilomita kumi, kisha sabuni, kisha fedha ya daftari, hafiki mahali pa kupima. Deni limekwisha kuwa kubwa kabla hajalijua kuwa ni deni. Na yule aliyelazimishwa hakuwa na kitu cha kupima hata kidogo.

Kenya ilikuwa imewaruhusu wasichana waliozaa kurudi shuleni tangu mwaka 1994. Zanzibar nayo iliwahi kwenda mbali zaidi katika upande wa ukali: sheria yake ya mwaka 1985 ilimpeleka gerezani mwanamke asiyeolewa aliyeshika mimba, mpaka ilipobadilishwa mwaka 2005. Tanzania Bara iligeuka tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alipotangaza kwamba waliokatisha masomo kwa kujifungua watapokewa tena, na waraka ukafuata. Waliopinga walitabiri kwamba mimba zitafurika. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 hesabu ilikuwa asilimia 22. Haifai kusema kwamba waraka ndio ulioishusha, kwa maana muda ulikuwa mfupi mno; inatosha kusema kwamba mafuriko hayakuonekana.

Kwa upande wa wanaume, sheria ziliongezwa ukali. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya kulala na msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa ubakaji, ila ikamwacha mume wa msichana aliyefikia kumi na mitano. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ikarekebishwa, na anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi akawekewa kifungo cha miaka thelathini. Adhabu hiyo haina mchezo. Lakini ukali wenyewe umekuwa kizuizi cha kesi. Ndugu wa pande mbili, wanaoishi kijiji kimoja na kuzikana, hukaa wakapatana. Mshitakiwa hulipa, msichana huambiwa asiseme, na shahidi akiitwa mahakamani hana habari. Mtu wa nje huiita rushwa. Wao huiona kuwa ni ile fidia ya zamani, iliyorudi kwa mlango wa nyuma baada ya kufukuzwa kwa mlango wa mbele. Anayepotea katika mapatano hayo ni msichana mwenyewe, kwa sababu zamani fidia iliingia katika ukoo uliomlea yeye na mtoto wake, na siku hizi aghalabu haikai nyumbani hata msimu mmoja.

Hapo katikati likaja neno la tatu, nalo ni umri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilisema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Rebeca Gyumi aliishitaki serikali juu ya vifungu vya Sheria ya Ndoa. Mahakama Kuu ikamkubalia mwaka 2016, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufani, na Mahakama ya Rufani ikaikataa rufani hiyo mwaka 2019. Kwa hukumu hizo ile mimba iliyopigiwa vigelegele nyumbani kwa mwali, na ile iliyomfukuzisha mwanafunzi, zimewekwa katika kundi moja. Ni mageuzi makubwa ya fikira, na kwa mara ya kwanza yanamtazama msichana mwenyewe badala ya ukoo au shule. Lakini mwanahistoria anayelinganisha hesabu za leo na za zamani akumbuke kwamba analinganisha vitu viwili.

Pamoja na adhabu yalikuja mafundisho. Chama cha uzazi bora, kiitwacho UMATI, kilianza mwaka 1959, na tangu miaka ya 1990, kwa hofu ya UKIMWI, masomo ya afya ya uzazi yaliingia katika shule nyingi. Imani iliyoyaongoza ilikuwa nyepesi: mtoto akijua atajilinda. Jambo la bahati ni kwamba imani hiyo ilipimwa hapa hapa nchini, kwa uangalifu ambao ni nadra. Mwaka 1999 mpango ulioitwa MEMA kwa Vijana ulianza vijijini katika mkoa wa Mwanza. Sehemu ishirini zilichaguliwa, kumi zikapewa masomo kwa darasa la tano hadi la saba, wahudumu wa afya waliofunzwa kuwapokea vijana, vijana wa kugawa kondomu, na mikutano ya wanakijiji, kumi hazikupewa. Mwaka 2007 na 2008 vijana 13,814 walipimwa. Waliofundishwa walijua zaidi kuliko wasiofundishwa, na ujuzi wao ulikuwa bado umo vichwani miaka mingi baadaye. Lakini katika maambukizo na katika mimba hapakuonekana tofauti iliyo dhahiri kati ya sehemu kumi na sehemu kumi.

Msomaji asikimbilie kusema kwamba mafundisho ni bure. Kungwi wa Kizaramo angeisoma taarifa ya Mwanza bila kushangaa. Yeye hakuwahi kuyategemea maneno peke yake. Aliyafundisha ndani ya nyumba iliyofungwa. Mpango wa Mwanza ulitoa maneno, tena maneno mazuri, kwa watoto ambao jioni walirudi katika njia zile zile, umaskini ule ule na wanaume wale wale.

Majirani wametupa mifano mingine. Magharibi ya Kenya, katika shule 328, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walilinganisha mambo mawili kuanzia mwaka 2003: kuwafunza walimu somo la UKIMWI, na kuwapa wanafunzi sare za bure ili wasiache shule. Somo peke yake halikupunguza mimba. Sare peke yake zilipunguza: baada ya miaka mitatu, wasichana waliokuwa wameshika mimba walishuka kutoka kama asilimia 16 hadi 13. Sare haina fundisho lolote ndani yake, ni kitambaa. Ilimweka msichana mahali. Katika uchunguzi mwingine wa Dupas katika nchi hiyo hiyo, wasichana wa darasa la nane walielezwa jambo moja tu, kwamba wanaume wazima wana maambukizo zaidi kuliko vijana wa rika lao, na mimba zikapungua kwa asilimia 28 katika mwaka mmoja. Hapo maneno yalifaa, kwa kuwa yalikuwa machache, ya kweli, na yalimhusu mtu fulani ambaye msichana alimjua.

Uganda ilikuwa na vilabu vya wasichana vya shirika la BRAC, vilivyofundisha kazi za mikono pamoja na mambo ya uzazi, na mimba zikapungua sana. Vilabu hivyo hivyo vikaletwa Tanzania, na wachunguzi hawakuona mabadiliko ya maana. Jina lilikuwa moja na vitabu vilikuwa vimoja. Tofauti waliyoitaja ni utekelezaji: fedha zilikuwa chache, na mahali pa kukutania hapakuwa pazuri. Jambo la nyumba limerudi tena, bila kualikwa.

Tukirudi Kisarawe, twaona kwamba tangu mpango wa sekondari za kata ulioanza mwaka 2004, na hasa tangu ada ilipofutwa mwaka 2016, wasichana wengi wa vijiji vilivyo kandokando ya Maneromango wamepata nafasi ambayo mama zao hawakuipata. Vijiji vya huko vimetawanyika, na shule ya kata huwa mbali na wengi. Msichana ana njia tatu. Atembee asubuhi na jioni. Apande pikipiki ya mtu. Au apange chumba karibu na shule, pamoja na mwenzake, bila mtu mzima. Wanafunzi wenyewe hukiita chumba hicho geto. Ukikitazama kwa macho ya historia, ni nyumba ya mwali iliyopinduliwa: mwali yumo ndani, na ukuta upo, na giza lipo, kungwi ndiye hayupo, na mlango haufungiki.

Ndiyo maana mabweni yamependwa na wazazi kuliko mahubiri yote. Jokate Mwegelo alipokuwa mkuu wa wilaya, kati ya 2018 na 2021, kampeni iliyoitwa Tokomeza Zero ilichangisha fedha kwa ajili ya elimu ya Kisarawe, na shule ya wasichana ya bweni ikajengwa wilayani. Kampeni ilianza kwa shabaha ya mitihani, si ya mimba. Lakini wazazi wa Uzaramo hawakuhitaji kuelezwa faida ya pili. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 uliwaunga mkono: kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wasiosoma kabisa, zaidi ya nusu walikuwa wamekwisha kushika mimba au kuzaa, na kati ya waliofika sekondari kama mmoja katika kumi. Vijijini ilikuwa asilimia 32, mijini 19. Ni kweli kwamba hesabu kama hizo zina fumbo lake, kwa maana wengine hawakufika sekondari kwa sababu ya mimba yenyewe, na chanzo na matokeo vimechanganyika. Lakini hata ukiondoa nusu ya tofauti, iliyobaki ni kubwa kuliko matokeo ya mpango wowote wa masomo uliotajwa hapo juu.

Bweni si dawa isiyo na sumu. Lina gharama, nalo haliwezi kuwachukua wote; anayekosa nafasi aghalabu ni yule maskini zaidi, ambaye ndiye aliye hatarini zaidi. Bweni lisilo na matroni mwaminifu ni geto lenye bati jipya. Tena lina muhula. Mwezi Juni na mwezi Desemba hufungwa, nao ndio wakati ambapo, kwa kuwa watoto wako nyumbani, unyago wa siku chache huchezwa katika vijiji vingi vya pwani. Msichana wa kidato cha pili hushuka kutoka kwenye gari na sanduku lake, huingizwa ndani kwa shangazi, hufundwa kwa siku saba yale ambayo bibi yake alifundwa kwa miaka miwili, hutolewa kwa ngoma mbele ya kijiji chote, na kabla ya shule kufunguliwa huwa ana majuma matatu ya kukaa barazani.